Kabla ya kununua meli ya taifa, tuitafutie mzigo

Mhariri,

Kila bei ya mbolea au mafuta inapopanda, hoja ya Kenya kumiliki meli zake hurudi mezani. Naiunga mkono hoja hiyo bila kusitasita. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha makasha zaidi ya milioni 2 kwa kipimo cha futi 20, na nauli ya baharini ya shehena hiyo ikaenda karibu yote kwa kampuni za ng'ambo. Ni fedha za kigeni zinazotutoka kila siku ya Mungu. Lakini mjadala wetu huanzia mwisho. Tunauliza meli itagharimu shilingi ngapi, ilhali la kuulizwa kwanza ni nani ataipa mzigo, na kwa mkataba wa miaka mingapi.

Sisi wa Kisumu tuna somo hilo mlangoni. Meli ya kwanza ya mvuke kuunganishwa hapa, SS William Mackinnon, ililetwa ikiwa vipande, na wapagazi wakavibeba kwa sababu reli ilikuwa haijafika. Iliingia majini mwaka 1900. Reli ikafika Desemba 1901. Mackinnon mwenyewe ndiye mwasisi wa kampuni ya meli ya British India Steam Navigation, na meli zake zilianza kufika Zanzibar mwaka 1872 kwa mkataba wa barua, yaani wa kubeba barua za posta, wa serikali ya Uingereza. Barua hazikuwa na uzito wa maana. Serikali ilikuwa inanunua ratiba. Kwa mikataba ya aina hiyo kampuni ililipwa kiasi maalum, meli ijae isijae, nayo ikafungwa kuondoka siku iliyotajwa. Mfanyabiashara wa karafuu au pembe akishaijua siku ya meli, mzigo anauleta mwenyewe. Wajerumani wakafuata mkondo huohuo: kampuni yao ya meli, Deutsche Ost-Afrika Linie, ilianza mwaka 1890 kwa ruzuku ya mark 900,000 kwa mwaka. Nao Wajapani, mwaka 1885, waliwahakikishia wenye hisa wa kampuni ya meli ya Nippon Yusen Kaisha gawio la asilimia 8 kwa miaka 15.

Nchi iliyojaribu, ikakosea, ikajaribu tena mara nyingi kuliko zote ni Marekani, na makosa yake yanatufaa zaidi kuliko mafanikio ya wengine. Vita Kuu ya Kwanza ilipoikuta bila meli za kutosha, ilijenga kiwanda kikubwa mno pale Hog Island, karibu na Philadelphia. Kiwanda hicho kiliunda meli 122, na hakuna hata moja iliyokabidhiwa kabla ya vita kwisha Novemba 1918. Miaka ya 1920 serikali ikabaki na mamia ya meli zilizofungwa kamba mitoni zikiota kutu, kwa kuwa zilijengwa bila mzigo wa wakati wa amani kufikiriwa. Mwaka 1928 ikarudia mikataba ya barua, lakini malipo yakapimwa kwa umbali na ukubwa wa meli, si kwa barua zilizobebwa. Kamati ya Seneta Hugo Black ilipoyachunguza hayo kuanzia 1933, ilikuta kampuni zikivuna fedha nyingi kwa vifurushi vichache tu.

Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1936, ambayo kila Mbunge wetu anayetaka meli ya taifa angefaa kuisoma. Iliondoa kisingizio cha barua na kuweka ruzuku mbili waziwazi. Ya kwanza ilikuwa ya kujenga: tofauti kati ya bei ya kiwanda cha Marekani na bei ya kiwanda cha nje ililipwa na serikali, hadi nusu ya gharama. Ya pili ilikuwa ya kuendesha. Hapo hesabu ilifanywa kifungu kwa kifungu: mishahara ya mabaharia, bima, matengenezo. Palipo na pengo kati ya mwenye meli Mmarekani na mshindani wake katika njia ileile, serikali ilijaza pengo. Mwenye meli naye alifungwa: njia maalum, idadi maalum ya safari, meli iliyojengwa nyumbani, mabaharia raia. Faida ikipita asilimia 10 ya mtaji, nusu ya ziada ilirudi serikalini hadi ruzuku aliyopokea ifidiwe.

Mpango huo ulizaa meli nzuri, ila ulikuwa na tundu moja. Pengo lilijazwa hata likipanuka, kwa hiyo si mwenye meli wala chama cha mabaharia aliyekuwa na sababu ya kuzuia gharama. Pengo likapanuka kweli. Fedha za ruzuku ya kujenga zilikatwa mwaka 1981, na mikataba ya kuendesha ikaachwa iishe polepole. Mwaka 1996 wakaja na mpango mwingine: kiasi kilichofungwa, dola milioni 2.1 kwa kila meli kwa mwaka, kwa meli 47, ambazo baadaye ziliongezwa zikawa 60. Serikali inalipia utayari wa meli na mabaharia wake siku ikiwahitaji. Hasara ya kibiashara inabaki kwa mwenyewe. Kwa maoni yangu huo ndio muundo wa kuigwa, kwa sababu Hazina inajua mapema itatoa kiasi gani.

Halafu kuna mzigo wenyewe. Sheria ya Marekani ya 1954 inataka angalau nusu ya shehena inayolipiwa na serikali ipakiwe kwenye meli za bendera yao, mradi zinapatikana kwa nauli ya haki. Kwa chakula cha msaada kiwango kilipandishwa hadi asilimia 75 mwaka 1985, kikashushwa tena hadi 50 mwaka 2012. Kwa hiyo magunia ya msaada yaliyoshushwa Mombasa miaka ya ukame yalikuwa yakilipa mishahara ya mabaharia wa Kimarekani kutoka fungu lilelile la kununulia chakula. Kila dola iliyozidi kwenye nauli ilipunguza nafaka. Ruzuku ikifichwa ndani ya bei ya bidhaa, anayeilipa ni yule aliye mwisho wa foleni, na kwetu mtu huyo angekuwa mkulima wa Trans Nzoia anayengoja mbolea.

Sasa tutazame yetu. Mwaka 1966 Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilianzisha shirika la pamoja la meli la Afrika Mashariki, lenye meli zilizoitwa Harambee, Ujamaa, Uganda na Mulungushi. Zilikuwa meli za mizigo mchanganyiko, za kupakiwa kwa winchi na nyavu, gunia baada ya gunia, wakati dunia inahamia kwenye makasha. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, wenye mali wakawa hawaelewani, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 shirika lilikuwa limekwisha. Mwaka 1987 Kenya ikaunda Kenya National Shipping Line, Mamlaka ya Bandari ikiwa na hisa nyingi. Shirika hilo, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, limefanya kazi kwa kukodi nafasi ndani ya meli za wengine. Kukodi nafasi si aibu, ni njia halali ya kuanza biashara hii. Tatizo ni kwamba anayekodi nafasi bila mzigo wa uhakika hulipia nafasi tupu.

Matumaini ya wakati ule yalitegemea kanuni ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa Geneva mwaka 1974 na kuanza kazi 1983: asilimia 40 ya mizigo kwa meli za nchi inayouza, 40 kwa nchi inayonunua, 20 kwa wengine. Kwenye karatasi ilitupa mgao mnono. Lakini ilihusu tu meli za ratiba zilizokuwa ndani ya vyama vya wenye meli, na makasha yakavihamisha vyama hivyo nje ya soko. Umoja wa Ulaya ulipoviondolea vyama hivyo kinga dhidi ya sheria za ushindani mwaka 2008, kanuni ilibaki jina.

Kinachoamua bendera ya meli ni karatasi ya mauzo. Mawakala wa forodha wanalijua hili kama kiganja cha mkono, ila kwenye mjadala wa hadhara halitajwi. Ukiuza kwa FOB, wajibu wako unaishia mzigo ukishapakiwa melini bandarini kwako. Mnunuzi ndiye anayelipa nauli, na anayelipa nauli ndiye anayechagua meli. Ukinunua kwa CIF, muuzaji amekwisha kuweka bei, bima na nauli pamoja. Yeye ndiye aliyechagua meli. Chai yetu ya Kericho na Nandi huuzwa nje zaidi kwa FOB. Bidhaa tunazoagiza nyingi huja kwa CIF, au kwa bei ya kufikishiwa mlangoni. Kwenda hatuchagui, kurudi hatuchagui. Hata tukiwa na meli 10 zinazopeperusha bendera yetu pale Kilindini, hakuna mwenye mzigo aliye na mamlaka ya kuzipakia. Upande wa bima tumeanza kujirekebisha: tangu Januari 2017 waagizaji wametakiwa kukata bima ya shehena ya baharini hapa nchini. Nauli ndiyo iliyobaki.

Ethiopia, isiyo na bahari tangu Eritrea ijitenge, imelifanya hili kwa ukali. Shirika lake la meli lilianzishwa mwaka 1964 na lipo hadi leo, kwa sababu waagizaji wameelekezwa kununua kwa FOB na kupakia kwenye meli za shirika au zile lililokodi. Wafanyabiashara wa huko wamelalamikia gharama na mizigo kukwama Djibouti, na malalamiko hayo yana msingi: mwenye mzigo akikosa pa kwenda, huduma hulegea. Kwa hiyo sisemi tuwafunge waagizaji wote. Nasema tuanze na mzigo wa serikali pekee, na kwa nauli isiyozidi ya soko.

Tena tusianze na meli za makasha. Huduma ya makasha ni ya kila wiki au si huduma. Hesabu yake ni rahisi: gawa siku za safari nzima, kwenda na kurudi pamoja na kukaa bandarini, kwa 7. Mzunguko wa siku 42 kati ya Mombasa na Asia ya Mashariki unataka meli 6 zinazofuatana. Nchi ikinunua moja, inakuwa na meli inayotokea mara moja kila wiki 6, na hakuna muuza parachichi atakayeingoja. Pakiharibika moja kati ya 6, ni lazima ukodi ya kuziba pengo kwa bei ya siku hiyo, la sivyo wateja wanahama na hawarudi.

Shehena ya kumwaga, ile isiyotiwa kwenye makasha kama mbolea, ni jambo jingine. Meli ya tani 50,000 haina ratiba ya wiki, inafuata mzigo. Tani 50,000 za mbolea ni mifuko milioni 1 ya kilo 50. Serikali inapotoa mbolea ya ruzuku kwa wakulima wa Nakuru, Uasin Gishu, Bungoma na Kakamega, ina mzigo wa kujaza meli za namna hiyo, msimu baada ya msimu. Ni mzigo unaojulikana miezi kabla, kwa sababu mvua za masika hazina siri. Leo zabuni zikiitishwa kwa bei ya mfuko uliofikishwa ghalani, nauli inazama ndani ya bei na haionekani.

Hatua ninayopendekeza haihitaji kununua hata ubao. Zabuni ya mbolea igawanywe mara mbili: bei ya bidhaa kwa FOB kwenye bandari ya kupakilia, na nauli peke yake. Nauli itangazwe wiki 6 hadi 8 kabla ya tarehe ya kupakia, maana ukichelewa unaingia sokoni ukiwa na haraka, na soko la meli lina harufu ya mtu mwenye haraka. Shirika letu la meli lipewe nafasi ya kwanza ya kukodi meli kwa safari hiyo, kwa nauli inayolinganishwa na nukuu 3 za madalali. Likishindwa kuifikia, mzigo uende kwa mwingine. Mkataba utaje kasi ya kupakua kwa tani kwa siku, na faini ya kuchelewesha meli ikokotolewe kwa saa. Hapa ndipo fedha hupotea kimyakimya: meli inafika, nyaraka za forodha hazijakamilika, malori ya kubeba mifuko hayatoshi, mvua inanyesha na milango ya matumbo ya meli inafungwa, na kila siku inayopita ni maelfu ya dola. Shirika likishafanya safari kama hizo kwa misimu kadhaa, litakuwa na vitabu vya hesabu vya kupeleka benki kuombea mkopo wa meli yake ya kwanza, iliyotumika lakini imara.

Na hata hapo hesabu iwe ya kweli. Meli ya tani 50,000 hula takriban dola 5,000 hadi 7,000 kwa siku kabla ya mafuta: mishahara, chakula, bima ya chombo na ya madai, vilainishi, vipuri. Ikitembea inachoma tani 25 hadi 30 za mafuta kwa siku. Kila miaka 5 lazima ipande chelezo kwa ukaguzi mkubwa, na katikati ya kipindi hicho ikaguliwe tena. Mashirika mengi ya Afrika Magharibi yaliuawa na vitu viwili ambavyo si bahari: wizara zilizopakia mzigo na kutolipa nauli, na uhaba wa fedha za kigeni za kulipia mafuta na ukarabati nje. Anayedai hahitaji kuja nchini kwako. Anaingoja meli yako bandari yoyote, anaomba mahakama iikamate, na mwishowe inapigwa mnada. Meli za shirika la taifa la Nigeria zilikamatwa hivyo ng'ambo kwa madeni, na shirika lenyewe likafilisiwa mwaka 1995. Kwa hiyo kama kuna ruzuku ya kwanza ya kuandikwa kwenye bajeti yetu, iwe akaunti ya fedha za kigeni iliyotengwa, ambayo nauli ya mzigo wa serikali inawekwa kabla meli haijang'oa nanga.

Nirudi ziwani, maana huku tayari tuna meli za biashara za taifa, ingawa hatuziiti hivyo. MV Uhuru iliundwa Scotland na kuunganishwa hapa Kisumu katikati ya miaka ya 1960, kivuko cha treni chenye reli za upana wa mita moja juu ya sitaha. Iliegeshwa zaidi ya miaka 10. Tumbo lake halikuwa tatizo kubwa. Maji baridi hayali chuma kama maji ya chumvi, ndiyo maana MV Victoria ya 1961 bado ilistahili ukarabati na kurudi kazini upande wa Tanzania mwaka 2020. Kilichoiegesha Uhuru ni mzigo kuhamia barabarani, na reli ya kilomita 217 kutoka Nakuru kudhoofika. Iliporudi Desemba 2019, ilirudi kwa sababu palikuwa na mabehewa ya mafuta ya kupeleka Port Bell, Uganda. Gati la mafuta lililokamilika hapa mwaka 2018 linathibitisha hilohilo kwa upande wa pili: lilikaa miaka kadhaa bila kazi kwa kuwa ghala la upande wa Uganda halikuwa tayari. Gati zuri, mabomba mazuri, na hakuna chombo cha kupakia.

Sasa kiwanda chetu cha Kisumu kimeunda MV Uhuru II ya kubeba tani 1,800. Anayedhani kazi imeisha hajasimama kwenye gati gugumaji likiwa limetanda. Mizizi yake huvutwa kwenye tundu la maji ya kupoza injini, inaziba kichujio, joto linapanda, na fundi analazimika kuhamia tundu la upande wa pili huku akifungua kichujio na kuzoa mizizi kwa mikono. Pande zote mbili zikiziba, injini inazimwa katikati ya ghuba. Kupakia nako kuna adabu yake: behewa za reli ya kati huingia kwanza, kisha pembeni kwa zamu, kulia na kushoto, la sivyo chombo kinainama na daraja la kuunganishia reli linajipinda. Kina cha ziwa kikibadilika kama kilivyopanda mwaka 2020, mteremko wa daraja hilo nao hubadilika. Haya yote yanataka mafundi walioajiriwa mwaka mzima, si kuitwa siku ya safari.

Ndiyo maana naomba kaunti za ziwa na Wizara ya Uchukuzi waandike mkataba wa barua wa zama hizi, kwa njia ya Kisumu, Homa Bay na Mbita na kwa ile ya Port Bell. Kiasi kifungwe kwa safari, kwa miaka 5. Siku na saa za kuondoka zibandikwe kwenye kila gati na kutangazwa redioni. Chombo kikichelewa zaidi ya saa 2 bila sababu ya hali ya hewa, malipo ya safari hiyo yakatwe robo. Kikikosa kabisa, yakatwe yote, na vilevile serikali ikichelewesha malipo zaidi ya siku 30, ilipe riba. Kuondoa gugumaji kwenye njia ya kuingilia na kuchimba mchanga gatini vibaki wajibu wa serikali, viandikwe humo humo ili mwenye chombo asikatwe kwa kosa lisilo lake. Na kila chombo kinacholipwa kwa mkataba huo kichukue wanafunzi 2 wa ubaharia kwa wakati mmoja, chini ya fundi au nahodha anayesaini vitabu vyao vya mazoezi. Vijana wetu wanamaliza darasa, kisha wanakwama kwa kukosa sitaha ya kupatia miezi ya mazoezi inayotakiwa.

Mdau wa uchukuzi wa majini,
Kisumu